Darubini Tatu za Mohamud

Kifurushi kilikuwa mezani kwa Inspekta Coombes, kimefungwa kwa karatasi ya kaki na kupigwa lakiri nyekundu kila upande. Sajini Elphas Ireri alipiga saluti, akavua kofia, akangoja.

"Ndani iko darubini ya bunduki," Inspekta alisema kwa Kiswahili chake cha mashamba ya Wazungu. "Mahomugadi nakuta chini ya kitanda ya huyu Nyamu, kule kambi ya barabara. Bunduki bado."

"Na mlinzi aliyepigwa, Bwana?"

"Iko hospitali. Hapana kufa." Akamsukumia karatasi ya daktari.

Ireri aliisoma akiwa amesimama. Mlinzi huyo alipigwa risasi Jumapili jioni akiwa juu ya mnara wa kijiji. Risasi iliingia chini ya kwapa la kushoto, ikatokea juu ya bega. Kijiji chenyewe kilikuwa kipya. Watu wa karibu na msitu walihamishiwa humo katika mwaka wa pili wa Hali ya Hatari, wasiwalishe wapiganaji wa msituni, likachimbwa handaki kukizunguka, na tangu hapo hakuna mtu wa nje aliyeingia wala wa ndani aliyetoka bila askari nyuma yake.

Karatasi ya pili ilimhusu Nyamu. Seremala wa madaraja, kijana wa Siakago, pasi yake inamruhusu kukaa kambini tu. Mahomugadi, wale walinzi wenyeji wa serikali, walisema wamemwona Jumapili nyingi akilala kifudifudi juu ya kilima ng'ambo ya mto, na kitu kikimeremeta machoni pake.

"Mke wake yumo kijijini humo," Ireri alisema. "Kathure. Alikwenda kwa mama yake kujifungua, kijiji kikafungwa akiwa ndani."

"Soma chini."

Chini yalikuwa maneno ya Mbogo, mlinzi wa lango. Aliulizwa kama huenda Nyamu alikuwa akimtazama mkewe, akajibu kwamba haiwezekani. Kila Jumapili wanawake wakitolewa kwenda mtoni kuteka maji, huyo Kathure husimama mahali pa wazi, akageuka, na kukipa kilima mgongo. Mwanamke akimfanyia mumewe hivyo mbele ya watu, alisema Mbogo, hapo hakuna ndoa tena. Wazee wakatafute mbuzi wa mahari wa kurudisha.

"Mbogo najua mambo ya watu yake," Inspekta alisema. "Wewe kwenda duka ya Mohamud. Uliza nani nunua, uliza alitaka kuona mbali namna gani. Andika, lete. Jumatatu iko korti."

"Na korti ikikubali?"

"Bunduki ao kipande ya bunduki, yote moja. Kamba."

Ireri alikitazama kifurushi. "Bwana ameichungulia?"

"Kuchungulia nini? Darubini iko darubini."

Ireri akavaa kofia yake.

Alipitia kwanza selo. Nyamu alikuwa ameketi sakafuni, miguu imekunjwa, viganja vyake vikubwa vya seremala vimelala juu ya magoti kana kwamba ameviazima kwa mtu. Ireri alichuchumaa mbele yake, akamsemesha Kiembu, maana Kiembu chake na Kimbeere cha Nyamu husikilizana.

"Wewe ni wa Siakago. Mimi kwetu ni juu kidogo, upande wa Runyenjes. Nieleze kama unavyomweleza jirani. Bunduki iko wapi?"

"Sina, afande. Sijawahi kushika."

"Mtu anunue tandiko na hana punda?"

Nyamu aliinamisha kichwa.

"Ulikuwa ukitazama nini kule juu?"

Nyamu aligeuza uso ukutani.

"Nyamu, ukinyamaza watakunyonga."

"Nasikia, afande. Lakini nikisema kuna mtu mwingine ataumia, na huyo hana kosa. Alinifanyia wema tu." Alisugua kidole gumba chake, palipokuwa na kovu la patasi. Kisha akainua macho. "Leo ni siku gani?"

"Jumamosi."

"Asubuhi ulipokuja, kule juu kulikuwa na ukungu?"

"Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu," Nyamu akasema, akarudisha macho sakafuni.

Duka la Mohamud lilikuwa mwisho wa barabara ya maduka mjini Meru, lenye magunia ya chumvi mlangoni na mablanketi yaliyopangwa mpaka darini. Mohamud alikuwa akipima sukari. Mkewe Sirad alikaa juu ya kigoda karibu na jiko la makaa, akifuma soksi ndogo ya sufi nyekundu. Binti yao Habon alikuwa ameshika mguu wa kigoda akijaribu kusimama, naye kichwani alikuwa na kofia ya sufi hiyohiyo, yenye vifuniko vya masikio.

"Sajini! Karibu. Sirad, chai!"

"Chai baadaye," Ireri alisema.

"Chai ya baadaye ni chai baridi. Sema basi, nimefanya nini?"

"Uliuza darubini."

Mohamud akaiacha mizani. "Niliuza, sikuficha. Yule Mzungu mwindaji wa kule Timau alirudi kwao, akauza kila kitu. Kitanda cha kambi, taa, viatu. Sanduku la darubini lilikuja pamoja na viatu. Mimi nilitaka viatu."

"Na bunduki zake?"

"Zilikwenda serikalini. Mimi nina mtoto, Sajini, siwezi kucheza na bunduki wakati huu. Darubini zilikuwa tatu. Mbili hizi hapa."

Akazitoa chini ya meza, zimefungwa katika kipande cha shuka. Ireri aliichukua ya kwanza, ndefu, nyeusi, yenye mfuko wake wa ngozi. Akailekeza nje ya mlango. Duka la fundi cherehani ng'ambo ya barabara likamjia karibu, na katikati ya kioo nyuzi mbili nyembamba zikakatana juu ya kichwa cha fundi. Akaichukua ya pili, fupi na nzito. Vifundo vyake vya kurekebishia viligeuka kwa kugonga kidogokidogo, pete za kuifungia kwenye bunduki zilikuwepo bado, na nyuzi zake zilikuwa kamili. Ireri alikuwa amebeba bunduki za namna hii Burma wakati wa vita. Kama angekuwa na fedha chache na kazi ya kupiga mbali, angeichukua hii fupi bila kuuliza mara mbili.

"Aliyenunua alikuwa nani?"

"Yule seremala, Nyamu. Na alichagua, walahi! Tajiri akija hapa anaonyesha kidole, anaondoka. Mwenye pesa kidogo ndiye anayekuchosha. Alizishika zote tatu mpaka jioni."

"Alikuuliza nini?"

"Aliuliza zinafika wapi. Nikamwambia mpaka Mitunguu."

Sirad akacheka bila kuinua kichwa. "Mpaka Mitunguu! Utaona ndizi za watu kutoka hapa?"

"Mimi ni mwuzaji, Mama Habon, si shahidi." Mohamud akamgeukia Ireri. "Halafu akauliza kama jua likiinama itaona vizuri bado."

Penseli ya Ireri iliandika: mbali, na jua likiinama. Maneno hayo mawili yangetosha Jumatatu. Aliyatazama kidogo, kisha akauliza, "Aliyochukua ilikuwa ya bei gani, ukiilinganisha na hii fupi?"

"Zilikaribiana. Hii fupi nilimpunguzia kabisa. Nikamwambia chukua hii, ngumu, ukiangusha haivunjiki, ina vyuma vyake pia. Akakataa."

"Alikataa?"

"Chafu."

"Chafu vipi?"

"Ina nywele ndani. Zote mbili zina nywele, moja imesimama, moja imelala. Mimi mwenyewe nilijaribu kupangusa, hazitoki, ziko ndani kwa ndani. Ile ya tatu ndiyo ilikuwa safi kama maji. Lakini nje imekwaruzwa, haina mfuko, haina vyuma, ndiyo maana niliiweka chini. Alifurahi kama mtu aliyeokota."

Ireri aliiweka darubini fupi juu ya meza polepole. "Hizo nywele, wewe ndiye ulimwonyesha?"

"Aliziona mwenyewe. Alisimama hapo mlangoni. Mama Habon alikuwa ng'ambo, kwa fundi cherehani, mtoto mgongoni. Akaelekeza darubini kwake. Mimi nikataka kukasirika, mtu anamchungulia mke wangu mbele yangu! Lakini hakuwa na habari na mke wangu."

"Asante sana," Sirad alisema. "Kumbe siku hizi sitazamwi."

"Alikuwa anamtazama Habon. Akaishusha, akanirudishia. Akasema, hii ina mistari, inamkata mtoto uso. Nipe nyingine."

Penseli ikasimama. Nje punda wa maji alipita. Habon alianguka kwa makalio, akafikiri kama alie au asilie, akaamua kutolia.

"Alisema hivyo? Inamkata mtoto uso?"

"Hivyohivyo."

"Si bure," Sirad alisema, sindano zake zikiendelea. "Rwamba wake hajamshika hata siku moja, mtu angetaka—"

Sindano zikanyamaza. Mohamud akaanza tena kupima sukari iliyokwisha kupimwa.

Ireri hakuinua sauti. "Rwamba ni nani?"

"Jina tu, Sajini."

Kwa Waembu na Wambeere msichana wa kwanza huitwa jina la mama wa baba yake. Aliyejua jina hilo alijua kwamba Nyamu amepata binti. Na katika kijiji kilichofungwa, angelijua kwa mdomo wa mama mtoto tu.

"Lori lenu hupeleka chumvi kule kijijini," Ireri alisema.

"Kila Alhamisi," Mohamud akajibu upesi. "Kwa kibali. Nina kibali, nitakuonyesha."

"Na anayeuza ni nani?"

Sirad ndiye aliyejibu. "Wanawake hununua kwa mwanamke mwenzao." Aliivuta shali yake mabegani. "Sajini, mtu akijua kwamba mume wa mwenzake amefungwa, na mwenzake hajui, na ana mtoto mchanga kifuani, angemwambiaje? Wewe ungemwambiaje?"

Kupeleka salamu katika kijiji kama kile kulikuwa jela. Ireri alilitazama jani la daftari lake, lenye yale maneno mawili na chini yake nafasi nyeupe. Akalifunga. Akaitia penseli katika mfuko wa shati, akafunga na kifungo.

"Ile chai," alisema, "imepoa?"

"Nilikwambia," Mohamud alisema, akimimina.

Aliporudi kituoni alikuwa ameazima darubini fupi. Inspekta alikuwa akifunga ofisi.

"Bwana, naomba ruhusa tuvunje lakiri."

"Kwa nini?"

"Bwana atazame hii kwanza."

Coombes aliitazama fupi, akailekeza kwenye bendera. "Nzuri. Hata mimi nanunua."

"Sasa hii." Ireri alipasua karatasi ya kaki. Darubini ya Nyamu ilikuwa ndefu na pana, rangi imechubuka pale pete zilipokuwa zamani, na ndani ya mikwaruzo mlikuwa mmeganda uchafu wa miaka. Inspekta aliiweka jichoni. Akaiondoa, akapangusa kioo kwa leso, akarudisha.

"Hapana uzi."

"Ulikatika zamani, Bwana. Hii huwezi kupigia hata ghala. Na yule mtu alikataa mbili zenye nyuzi, moja kwa bei ileile, kwa kuwa alidhani nyuzi ni uchafu. Mtu wa bunduki hawezi kukosea hivyo."

Coombes aliketi tena. Alifikiri kwa haki, akigongagonga meza. "Labda yeye hapana piga. Yeye natazama tu, rafiki yake napiga. Mtu ya kutazama hapana taka uzi."

"Inawezekana, Bwana."

"Na mke natoa mgongo kwake. Kama hapana tazama mke, natazama nini? Mnara."

"Kesho ni Jumapili. Wanawake hutolewa saa tisa. Twende tukalale pale alipolala."

"Kesho iko tenisi."

"Jumatatu ni korti, Bwana."

Inspekta akakata kona ya karatasi ya kaki, akaandika juu yake saa ya kuondoka.

Walipanda kilima kwa upande wa kambi, Ireri mbele. Hapakuwa na ukungu. Karibu na kilele nyasi zilikuwa zimelazwa mahali pamoja, urefu wa mtu mmoja. Mtu wa pili hakuwahi kulala hapo. Pembeni nyasi zilisimama. Chini ya kichaka Ireri aligusa mbao.

Kilikuwa kigoda kidogo cha kuegemezea kitu, kimetengenezwa kwa vipande vya mbao za daraja, miguu imepigiliwa ardhini, na juu yake pamechongwa mfereji uliotandikwa kipande cha blanketi. Coombes akapiga mluzi.

"Sasa hii kiti ya bunduki."

Ireri alijaribu kukitikisa, hakikutikisika. Akailaza darubini katika mfereji; ikaingia kama yai katika kiota. "Kinaelekea mahali pamoja tu, Bwana. Fundi alikipigilia ili kisiondoke. Tafadhali, tazama bila kukigusa. Mnara uko wapi?"

Inspekta alilala katika nyasi, suruali yake nyeupe na yote. "Naona njia. Naona mahali ya wazi, karibu na mto. Mnara... hapana. Mkuyu nafunika." Akaondoa jicho, akautafuta mnara kwa macho matupu. Ulikuwa kule kushoto, nyuma ya matawi, na paa lake la mabati lilikuwa chini yao kabisa. "Sisi iko juu," alisema mwishowe.

"Ndiyo, Bwana."

"Risasi naingia chini ya kwapa, natoka juu ya bega. Mtu alipiga kutoka chini. Kutoka mtoni."

"Tungeanza huko kutafuta maganda ya risasi," Ireri alisema.

Coombes alikuwa ameanza kuinuka aliposikia filimbi ng'ambo. Lango lilifunguliwa. Wanawake wakatoka kwa msururu, mitungi na madebe mgongoni, Mbogo na bunduki yake nyuma. Walipofika mahali pa wazi, mwanamke mmoja mrefu akajitenga. Hakuwa na mtungi. Mgongoni, katika nguo ya kubebea, alikuwa na mtoto.

"Huyo?" Coombes akarudi kwenye kioo.

"Huyo."

Kathure alisimama akikitazama kilima kwa muda mfupi. Kisha akageuka. Akajiweka sawa, akainama kidogo mbele, akasimama hivyo, mgongo wake ukiwaelekea.

"Mbogo alisema kweli," Inspekta alinong'ona. "Natoa mgo—"

Hakumaliza. Ireri alimwona akibana jicho, halafu mkono wake ukija taratibu kushika ukingo wa kigoda, kwa uangalifu, asikisogeze.

Mtoto hubebwa mgongoni. Mama akimkabili mtu, mtu huyo anamwona mama. Akigeuka ndipo uso wa mtoto unapoonekana.

Wanawake wengine walijaza maji, wakaanza kurudi. Yeye hakuondoka.

"Nangoja nini?" Coombes aliuliza kwa sauti ndogo.

"Anangoja baba atosheke, Bwana."

"Na atajua namna gani?"

"Hajui. Ndiyo maana anakawia."

Mbogo alimpigia filimbi. Kathure alisimama bado. Mbogo akapiga tena, akamfuata kwa hatua za hasira, na hapo ndipo Kathure alipojinyoosha na kwenda, bila kutazama nyuma. Inspekta aliendelea kuchungulia mahali patupu. Kisha akasogea kando katika nyasi, akampisha Ireri.

"Wewe pia tazama," alisema. "Bado iko kwa lango."

Jua lilikuwa limeshuka Ireri alipofungua selo. Nyamu alitazama kwanza viatu vya sajini. Vilikuwa na udongo mwekundu, na mbegu za nyasi zilikuwa zimenasa kwenye soksi mpaka magotini.

"Simama," Ireri alisema. "Inspekta ametia saini. Hakuna korti." Akaiweka darubini juu ya benchi, bila karatasi, bila lakiri. "Na sijauliza nani alikuwa akipeleka salamu. Wewe pia usiniambie."

Nyamu hakusimama. Alikuwa bado akizitazama zile mbegu. "Afande, mlipanda?"

"Tulipanda."

"Alitoka?"

"Alitoka. Alikaa mpaka filimbi ya pili."

"Na... mtoto alikuwa macho?"

"Macho kabisa. Ana kofia nyekundu ya sufi, yenye masikio."

"Kofia?" Nyamu alikunja uso, akitafuta. "Jumapili ile hakuwa nayo."

"Sasa anayo."

Akaiwazia kofia hiyo, akiiweka mahali pake kichwani mwa mtoto. Ireri alingoja mlangoni, funguo mkononi.

"Alikuwa ametoa mkono mmoja nje ya nguo," akaongeza. "Anaupungapunga hivi, kama anafukuza nzi."

"Mkono upi?"

Ireri akafumba macho ili apaone tena. "Wa kushoto."

Nyamu aliinua mkono wake wa kushoto, akautazama kama hajapata kuuona.

"Mama yangu Rwamba ni wa kushoto," alisema. "Kule Siakago kote, ni yeye tu anayelima kwa kushoto."